Mchora Mabango na Mtaa wa Dada Ngurumo

Watu walimwita Herufi, na jina hilo lilimganda kiasi kwamba mgeni akifika nyumbani kwake na kumwulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake, mkewe alikuwa anafikiri kidogo kabla ya kujibu. Alikuwa mchora mabango. Ukitembea barabara kuu ya mji wao, kuanzia duka la viatu mpaka gereji ya mwisho, ulikuwa unasoma mkono wake bila kujua: jina la saluni lililonyooka kama limepigwa pasi, mbuzi mwenye miwani kwenye ukuta wa bucha, tabasamu la meno meupe juu ya mlango wa kliniki ya meno.

Kazi hiyo aliianza akiwa kijana, kwa kuandika "Usiegeshe hapa" kwenye mageti ya watu. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilipoingia mjini, wenzake wengi walikunja jamvi na kutafuta shughuli nyingine. Yeye alibaki. Alisema plastiki inapauka, rangi yake haipauki. Mkewe, mwalimu wa chekechea asiyejua kuzungusha maneno, alisema mumewe alibaki kwa ubishi tu, na kwamba ubishi huo ndio uliowasomeshea watoto.

Mambo yalimwendea mrama asubuhi moja mbele ya duka la mikate. Vigae vya mlangoni vilikuwa vimetoka kupigwa deki, na Herufi akasimamisha ngazi yake hapo hapo huku akipiga soga na mwenye duka. Alikuwa amefika nusu ya bango ngazi ilipoteleza. Hakuwa juu sana, ila aliangukia mkono wa kulia, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Plasta ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri lakini vidole vilikuwa vimekakamaa kama vijiti. Hospitalini alipangiwa dada wa mazoezi ya viungo, mwanamke mchangamfu aliyempa mpira mdogo wa kubinya.

"Mzee, huu ubinye asubuhi, mchana na jioni," alimwambia. "Usiponisikiliza, vidole vitakuadhibu vyenyewe."

Herufi aliuchukia mpira ule siku ya kwanza. Siku ya pili ulikuwa nyuma ya friji, na alipoulizwa na mkewe alisema umebingirika.

Nyumbani walikuwa wamebaki watatu: yeye, mkewe na binti yao wa mwisho, aliyekuwa akifanya kazi ya mapokezi kwenye ile ile kliniki ya meno. Binti alikuwa na mashine ya michezo ya video, ameiunganisha na televisheni ya sebuleni, na kila akitoka kazini alikuwa akicheza mchezo mmoja wa shujaa wa kike anayeruka juu ya maghorofa. Akipiga makofi, radi inashuka. Jina lake kwenye mchezo lilikuwa refu na la kigeni. Herufi alijaribu kulitamka, likamshinda, akamwita Dada Ngurumo, na nyumba nzima ikamfuata.

Jumapili moja binti alikwenda kupokea simu uani, akaiacha pedi, kile kifaa cha kuchezea chenye vitufe, juu ya kochi. Herufi akaichukua, kwa kutaka kujua tu ina uzito gani. Akabonyeza kitu. Dada Ngurumo akakimbia, akaruka kutoka juu ya paa, akagonga tangi la maji na kuanguka barabarani kifudifudi.

"Baba, umemuua," binti alisema mlangoni.

"Hajafa. Ona, anapangusa magoti."

Kuanzia siku hiyo Herufi akawa mchezaji. Alikuwa mchezaji mbaya, tuseme ukweli. Alichanganya kitufe cha kuruka na cha kupiga, na mara nyingi radi aliyowatumia wezi iliwaangukia wauza magazeti. Lakini alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kusubiri rangi ikauke. Alipomwonyesha dada wa mazoezi jinsi anavyoshika pedi, akitarajia kugombezwa, yule dada alimtazama kidole gumba kikizunguka na akaangua kicheko.

"Kumbe ndiyo siri. Nami nilikuwa najisifu kwamba ni ule mpira."

"Mpira umesaidia sana," Herufi alisema bila kupepesa macho.

Vidole vililainika. Akaweza kufunga vifungo vya shati, akaweza kumenya viazi, akaweza kutekenya watu. Kitu kimoja tu hakikurudi. Siku moja mkewe akiwa shuleni alifungua kopo la rangi nyeusi, akachukua ubao, akajaribu kuandika. Herufi za kunyooka zilikubali. Alipofika kwenye S, mkono ulitakiwa kujikunja katikati ya safari, kama alivyofanya miaka yote, kwa pigo moja kutoka juu mpaka chini. Kifundo kikakataa. S ikatoka kama mnyoo uliokanyagwa. Akajaribu tena na tena, mpaka ubao ukajaa minyoo.

Aliusafisha ubao kwa tapentaini, akafunga kopo. Wateja waliompigia aliwaambia daktari bado hajamruhusu, ingawa daktari alishamruhusu zamani. Hakumwambia mtu. Mkewe aliinusa ile tapentaini, akaelewa, akanyamaza. Na kwa mtu kama yeye, kunyamaza ni kazi kubwa.

Wakati huo ndipo mchezo ulipoisha. Dada Ngurumo alimshinda adui yake mkubwa, mji ukashangilia, majina ya waliotengeneza mchezo yakapita kwenye kioo, na Herufi akabaki na pedi mkononi kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Jumapili iliyofuata shemeji yake alikuja kula chakula cha mchana, kama kawaida yake. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene wa mwili na wa sauti. Yeye na Herufi walikuwa wakitaniana tangu siku ya posa, na hakuna aliyekumbuka ilikuwa zamu ya nani kukasirika.

"Imetoka nyongeza," binti alisema akipakua wali. "Hadithi mpya ya Dada Ngurumo. Ziko sehemu tatu fupi, zinatoka moja moja. Ya kwanza ipo tayari, unaipakua kwenye mashine tu."

"Basi tuichukue," Herufi alisema.

"Subiri, Baba. Nimesoma maoni ya waliocheza. Wanasema ni fupi mno, mchana mmoja umeimaliza. Afadhali tungoje zote tatu ziuzwe pamoja, bei huwa inashuka."

Shemeji aliweka kijiko chini. "Ngoja nielewe. Mchezo mlishanunua?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Mkaumaliza?"

"Tukaumaliza."

"Na sasa wanawauzia mkia wake. Mimi mteja akinunua mlango dukani kwangu, kisha nimfuate mpaka kwake nimwuzie bawaba, si atanitoa mbio?"

"Lakini bawaba unaziuza mbali na mlango," Herufi alisema. "Mimi mwenyewe uliniuzia."

"Zile unazishika. Hiki utakiweka wapi, shemeji? Mfukoni?"

Hapo mkewe Herufi aliingilia. "Kaka, juzi ulilipa kiingilio ukatazame mpira, timu yako ikafungwa, ukarudi hapa na kichwa kinakuuma. Wewe uliweka nini mfukoni?"

Meza nzima ilicheka, na Shemeji akacheka kuliko wote. Lakini alipomaliza kucheka alirudi kwenye hoja yake: mpira ni mpira, kuna hata watu waliokutana kwenye mpira wakaoana. Binti naye hakubadili msimamo. Alisema ameshadanganywa mara nyingi na nyongeza za michezo. Unalipa, unapewa kofia mpya ya shujaa na kona moja ya mji, basi. Herufi aliwasikiliza wote, akasema hoja zao ni nzito, na jioni ile ile akamwomba binti ampakulie.

Aliicheza siku ya mapumziko ya binti, wakiwa wote wawili kwenye kochi. Hadithi ilikuwa hii: kuna mtaa wa zamani wa mafundi ambao haukuwamo kwenye mchezo mkubwa. Mwizi ameiba umeme wa mtaa mzima. Dada Ngurumo, aliyezaliwa hapo, anarudi kuwawashia watu taa, duka kwa duka, kisha anamkamata mwizi juu ya paa la kiwanda cha vitambaa. Ilipendeza. Ilikuwa na kichekesho kizuri cha bibi mmoja aliyekataa kuokolewa kabla hajafunga duka lake. Na kweli iliisha kabla jua halijashuka.

Majina yalikuwa bado yanapita kwenye kioo Shemeji alipobisha hodi. Alikuwa amekuja kurudisha sufuria la dada yake.

"Imeanza?" aliuliza.

"Imeisha," Herufi alisema.

Shemeji aliweka sufuria chini. Alikaa, akavua kofia, akaiweka kifuani kama mtu aliyekuja msibani, na akawapa pole mmoja mmoja. Binti alijiziba uso kwa mto asionekane anacheka. Herufi naye aliweka pedi kando. Moyoni alikiri kwamba angeweza kununua kopo dogo la rangi kwa hela ile, ila akakumbuka kwamba hana kazi na kopo la rangi.

Siku iliyofuata, mkewe yuko shuleni na binti kazini, aliwasha mashine bila sababu ya maana. Hadithi ilikwisha, lakini mtaa ulikuwa bado upo, na mtu aliruhusiwa kuzurura. Akamtembeza Dada Ngurumo kwa miguu. Jana alikuwa akiruka juu ya mapaa. Sasa alipita chini, polepole, kama mtu anayekwenda sokoni. Ndipo akainua macho.

Kila duka la mtaa ule lilikuwa na bango, na kila bango lilikuwa limechorwa kwa mkono. Si maandishi ya kompyuta yaliyotiwa vumbi ili yaonekane ya zamani. Hapana. Palikuwa na mahali ambapo brashi ilikuwa imeishiwa rangi na kuchovywa tena. Palikuwa na jina la fundi saa lililoanza kwa herufi kubwa kwa matumaini, kisha zikabanana mwishoni kwa sababu ubao umekwisha. Herufi alicheka peke yake sebuleni, maana kosa hilo alilifanya yeye mwenyewe kwa fundi redio, na mteja alikataa lirekebishwe. Maneno yenyewe yalikuwa ya lugha ya watu waliotengeneza mchezo na hakuyajua yote, lakini mkono wa mchoraji hauhitaji mkalimani. Mahali fulani duniani, kwenye ofisi ya watu wa kompyuta, alikuwapo mtu aliyewahi kushika brashi.

Binti aliporudi jioni alimkuta baba yake amemsimamisha Dada Ngurumo mbele ya duka la mshona nguo. Vibaka watatu wa mtaani walikuwa wamemzunguka wanampiga.

"Baba, unapigwa."

"Waache wapige. Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Hii S. Njoo uone." Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Hakuiandika kwa pigo moja. Ameanza na mgongo, huu mstari wa katikati uliolala. Kisha akarudi akavuta kichwa. Kisha akavuta mkia. Ona hapa panapoungana, rangi imekuwa nzito kidogo. Huyu hajakunja mkono hata mara moja."

"Sasa?"

Herufi alirudi nyuma, akaegemea kochi. Wachoraji wanaoanza S na mgongo aliwajua tangu ujana wake. Fundi aliyemfundisha alikuwa akiwaita wavivu, na yeye aliurithi ule msemo pamoja na brashi. Hakuwahi kukaa akajiuliza kwa nini mtu angeichora hivyo.

"Sasa nipe kalamu," alisema.

Binti akamletea kalamu na mfuko wa karatasi uliotoka dukani. Herufi alichora mgongo, akainua mkono, akavuta kichwa, akainua, akavuta mkia. Bega ndilo lililofanya kazi. Kifundo kilikaa kimya kama mgeni aliyetulizwa kwa chai. Ilitoka S. Haikuwa nzuri, lakini ilikuwa S na haikuwa mnyoo. Binti, ambaye hakujua habari za minyoo, alishangaa kumwona baba yake akifuta macho kwa ajili ya herufi moja.

Mchezo ambao watu walisema unaisha mchana mmoja ulimchukua Herufi wiki kadhaa. Alipita duka kwa duka. Kwa kinyozi alijifunza kivuli cha herufi kinachoangukia kushoto. Kwa muuza taa alikuta rangi mbili ambazo hakuwahi kufikiri zinaweza kukaa pamoja bila kugombana. Binti akichoka kumwona Dada Ngurumo akipigwa, alikuwa anachukua pedi, anawatawanya vibaka kwa makofi mawili ya radi, kisha anamrudishia baba yake aendelee kusoma. Kwenye meza ya chakula mbao zilijaa S za kila aina, na mkewe alirudi kutoka shuleni siku moja, akanusa tapentaini, akazitazama zile mbao, akaenda moja kwa moja kufungua madirisha huku akiimba.

Mteja wa kwanza akawa Shemeji. Hakuja kwa huruma. Bango lake la plastiki lilikuwa limepauka mpaka watu walikuwa wakiingia dukani kwake kuulizia dawa za kikohozi.

"Andika hivi," alisema. "Saruji, misumari, msasa, sinki, swichi."

Herufi alimtazama. "Umefanya makusudi."

"Nimefanya nini?"

"S zote hizo. Ukilisoma kwa sauti watu watakimbia wakidhani kuna nyoka."

"Mimi nimetaja ninachouza, shemeji. Usipoweza sema, niwaite watu wa plastiki."

Mkewe Herufi, aliyemweleza kaka yake kila kitu jana yake, aliinamia kikapu chake na kujifanya anatafuta funguo.

Alichora Jumamosi, ngazi ikiwa imesimama juu ya zege kavu na Shemeji mwenyewe ameishikilia kwa mikono miwili, jambo lililowafanya wapita njia wasimame kutazama. Alipiga mistari ya chaki. Akaegemeza mkono wa kulia juu ya ile fimbo yenye kitambaa kichwani ambayo wachoraji wa mabango hutumia ili mkono usitikisike. Mgongo, kichwa, mkia. Saruji ikakaa. Misumari ikakaa. Kwenye msasa S ya kwanza ikaegemea mbele kama mtu anayetaka kusikia umbea. Herufi alishuka akachukua kitambaa aifute.

"Iache," Shemeji alisema.

"Imepinda."

"Naiona. Iache hivyo hivyo, naipenda." Alipangusa shingo, akatazama juu, akashusha ile sauti yake kubwa. "Hii hakuna mashine itakayoichapa."

Kufikia saa nane bango lilikuwa limekamilika, jekundu na krimu, na vivuli vikiangukia kushoto. Mwenye duka la mikate alivuka barabara na kuuliza atachorewa lini la kwake, lile lililoishia nusu siku ya ngazi. Mwenye saluni akafuata. Simu ya Herufi ikaanza kazi tena, na safari hii hakumtaja daktari.

Sehemu ya pili ya nyongeza ilipotoka, ni Herufi aliyesema waipakue, na ilikuwa hasara tupu. Ilikuwa ni uwanja wa kupigana, maadui wakija kwa mafungu, na suti tatu mpya za Dada Ngurumo, moja ya dhahabu. Hakukuwa na mtaa wala hadithi, na yule bibi wa duka hakuonekana. Walimaliza hata chai haijapoa.

"Nilikwambia, Baba," binti alisema.

"Uliniambia. Na ile ya kwanza pia uliniambia."

"Kwa hiyo zinafaa au hazifai?"

Herufi alikuna kidevu. "Ile ya kwanza ningeinunua tena hata ingekuwa fupi zaidi. Hii hata wangenipa bure ningewadai muda wangu. Waliotengeneza ya kwanza walikuwa na kitu cha kutuonyesha. Hawa walikuwa na suti. Ya tatu tusiikimbilie. Tumwulize kwanza mtu aliyeimaliza, na tusimwulize ni ndefu kiasi gani, tumwulize aliona nini."

Walisubiri. Walipouliza waliambiwa ya tatu ni fupi vile vile, lakini inaweza kuchezwa na watu wawili, Dada Ngurumo pamoja na yule bibi wa duka, ambaye sasa ameamua naye kuokoa watu. Aliyeamua ni Shemeji. Alikuja Jumapili na pedi ya pili ndani ya mfuko wa misumari, akasema ameikuta mahali, na hakuna aliyemwuliza ni mahali gani.

Walikaa kwenye kochi wawili wale, mabega yakigusana. Shemeji alimchukua yule bibi. Alimtumbukiza mtoni, akampandisha, akamtumbukiza tena, huku akilaumu mto. Herufi alijaribu kumwokoa, akampiga radi kwa bahati mbaya. Binti alikuwa amekaa chini sakafuni, anacheka hata machozi yanamtoka, akijaribu kuwaeleza kitufe cha kuruka.

Mkewe Herufi alisimama nyuma yao na taulo la jikoni begani, akawavumilia kwa muda. Kisha akamgusa kaka yake.

"Sogea," alisema. "Nimeshughulika na watoto thelathini kwa siku moja, nitashindwa na mto?"

Shemeji akasogea. Mwalimu wa chekechea aliishika pedi, akauliza mara moja tu kitufe kipi ni kipi, akamvusha bibi upande wa pili bila kumlowesha hata kandambili. Wanaume wawili walitazamana. Binti alipiga makofi, na kwenye kioo, kwa kuwa Herufi alikuwa amekalia pedi yake, radi ikashuka.